Chungu Kilichofaulu Mtihani wa Shavu

Jumatatu, 4 Agosti
Nimefika kambi ya sanaa. Wiki nzima ya ufinyanzi! Mama ameweka sharti: Jumamosi akija, nimwonyeshe chombo kimoja nilichofinyanga kinachoshika maji. Nikishindwa, likizo iliyobaki ni hesabu kwa Shangazi. Shangazi ni mwalimu wa hesabu. Hata wakati wa kula ni mwalimu wa hesabu.

Mwalimu wa ufinyanzi aligawa mabonge ya udongo, akasema kila bonge likandwe mara mia ili hewa itoke. Mia! Nilikanda kumi na mbili, zilizobaki nikahesabu kimoyomoyo. Jirani yangu wa meza, msichana tunayemwita Miwani, alikanda mia mbili. Kujipendekeza tu.

Jumanne, 5 Agosti
Gurudumu la kufinyangia halinitaki. Udongo uliruka ukatua kwenye aproni ya Mwalimu. Akanishauri kwa upole nisokote kamba za udongo nizipange kwa mduara. Nimepata chungu! Kuta nene kama tofali, lakini si ndio uimara?

Miwani ametengeneza mtungi mwembamba wenye shingo, wa bibi yake, maana ule wa zamani ulivunjika. Kila anayepita anausifu. Changu wanauliza ni nini.

Jumatano, 6 Agosti
Mwalimu anataka vyombo vikauke kivulini, taratibu. Changu, kwa unene ule, anasema labda kisubiri tanuri la wiki ijayo. Wiki ijayo nitakuwa kwa Shangazi!

Nikachunguza anavyopima. Anaweka chombo shavuni. Kikiwa baridi, bado kina maji ndani, anakirudisha rafuni. Kisipokuwa baridi, kinaingia tanurini. Basi! Mtaalamu mzima anategemea shavu. Nilicheka peke yangu bafuni mpaka nikagongewa mlango.

Alhamisi, 7 Agosti
Asubuhi niliweka chungu juani juu ya bati, kisha nikakifunga kwa sweta. Zamu yangu ilipofika kilikuwa vuguvugu. Mwalimu akaweka shavu. Akanitazama. Akaweka shavu la pili. Akakubali shingo upande. Nikamwomba akiweke katikati, kando ya mtungi wa Miwani, kipate joto zuri. Akakubali na hilo. Kichwa ninacho.

Saa kumi jioni, kishindo tanurini. Mwalimu akafumba macho. Nikasema labda ni kuni. Tanuri ni la umeme.

Ijumaa, 8 Agosti
Tanuri limefunguliwa. Vyombo kumi na vinne, vyote vipande. Mwalimu akaokota kipande kinene, akasema chombo chenye maji ndani hulipuka motoni, akauliza ni cha nani. Wote waligeuka kunitazama. Unene ulinichongea.

Miwani alikuwa anakusanya vipande vya mtungi kwenye kitambaa, analia bila sauti. Hilo sikulitegemea. Niliona aibu kweli, roho ikaniuma. Nikamwendea nimwombe radhi, nikajikuta namwambia mtungi wake nao ulikaa karibu mno.

"Ulijua ni kibichi," alisema.

Hakuwa anauliza.

Jumamosi, 9 Agosti
Wazazi wamekuja. Nilipanga vipande vyangu kwenye meza ya maonyesho, nikaweka na kadi: Dunia Ilivyo. Baba wa mtu fulani alisimama mbele yake muda mrefu, akatikisa kichwa kwa heshima. Mambo yakaanza kunyooka!

Kisha Mama akafika na chupa ya maji. Akasoma kadi. Akafungua kizibo.

"Nimimine wapi, mwanangu?"

Jumapili, 10 Agosti
Naandika nikiwa kwa Shangazi. Jaribio la kwanza ni kesho. Nimemweleza kwamba kosa lote ni la shavu la Mwalimu. Fundi anayejiheshimu huwa na kipimo cha maana. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniongezea maswali ishirini ya sehemu.

Haidhuru. Nimeona anapoweka kitabu cha majibu: juu ya kabati. Kabati ni refu, lakini nikipandisha stuli juu ya kiti, nafika. Stuli inayumba kidogo tu.