Volkano ya Uji wa Muhogo

Jumatatu, 5 Mei 2025

Habari kubwa! Madam Evelina, mkuu wetu wa shule, ametangaza kwamba Ijumaa tunapata mgeni. Dakta Justa, mtafiti wa volkano kutoka chuo kikuu. Anazunguka shule za Mwanza kuona walimu wanavyotumia mifano kufundisha volkano. Mwalimu atakayemvutia ataondoka na kikosi chake kwenda Oldoinyo Lengai. Kupanda hadi juu. Kuchungulia ndani!

Mwalimu wa jiografia ni mimi. Nimefundisha volkano tangu nianze kazi na sijaiona hata moja. Kwetu Kisesa ni mawe na ng'ombe. Kila mwaka nachora pembetatu ubaoni, naiwekea moshi, na kila mwaka hakosekani mwanafunzi wa kuuliza kama nimewahi kufika. Huwa najibu kwamba kipindi kimekwisha.

Safari hii ni yangu mimi, Maige. Sitaki mjadala.

Kikwazo ni kimoja: Mwalimu Adoyo. Anafundisha fizikia, katokea Rorya mwaka jana, ana tabia ya kumsikiliza mtu mpaka amalize, jambo linalokera sana. Ametengeneza volkano ndani ya kompyuta. Unaongeza gesi, unapunguza uzito wa magma, mlima unalipuka kwenye kioo. Leo ofisi nzima ilimzunguka. Nikasema kwa sauti kwamba mlima usiochafua mikono si mlima. Hakuna aliyegeuka.

Jumanne, 6 Mei

Nimejenga mlima wangu! Uwanjani, mbele ya baraza la ofisi, mahali ambapo mgeni hawezi kupita bila kuuona. Mifupa ya miti, wavu wa banda la kuku, udongo wa kichuguu. Umenizidi kimo. Ndani kuna dumu, hilo ndilo tumbo la magma. Bomba linapanda kutoka kwenye dumu hadi kileleni, limezibwa kwa gunzi la mahindi, na gunzi nimelifunga kamba. Siku yenyewe navuta kamba, gesi inasukuma, lava inamwagika, Dakta anatokwa na machozi.

Lava ni uji wa muhogo, mzito, wenye rangi nyekundu, sukari na hamira. Hamira inatoa gesi. Sayansi tupu!

Udongo uliniishia upande wa baraza. Nimeziba kwa kiroba, nikapaka rangi. Haionekani.

Nyumbani, mke wangu Queen aliuliza unga wake wa muhogo umekwenda wapi. Nikamjibu umekwenda kwenye utafiti. Akasema basi na chakula cha jioni kimekwenda hukohuko. Nimekula ndizi.

Jumatano, 7 Mei

Adoyo alikuja kuuzunguka mlima. Akauliza ukubwa wa dumu, uzito wa uji, kiasi cha hamira. Nilijigamba nikamweleza kila kitu kabla sijakumbuka kwamba ni adui. Akaenda kuviingiza vyote kwenye kompyuta yake. Aliporudi alikuwa amekunja uso. Alisema shingo ya mlima ni nyembamba mno kwa uji mzito namna ile, hautapanda, gesi itatafuta pengine pa kutokea na mlima utapasuka ubavu. Upande wa baraza. Akanishauri nitoboe tundu la kupumulia na kuhamisha viti vya wageni.

Nilimshtukia palepale! Anataka wageni wakae mbali wasione vizuri. Viti nimevisogeza karibu zaidi.

Kisha nikaweka mtego wangu. Ijumaa umeme utakatwa, kuna nguzo zinabadilishwa, kwa hiyo kompyuta yake itategemea chaji. Nikaiazima, eti nataka kujifunza. Alifurahi mpaka nikaona aibu kidogo. Nia yangu ilikuwa kuichezea mpaka izime. Nikalipua mlima mmoja. Nikalipua mwingine. Nikaongeza gesi, nikaongeza uzito, nikaona, kwa mara ya kwanza maishani, kwa nini lava nyingine hutiririka kwa upole na nyingine huruka angani. Ikiwa nyepesi, gesi inatoka taratibu. Ikiwa nzito, gesi inanaswa, inajikusanya, halafu, Mungu wangu! Nilipiga meza. Nikasikia makofi. Kidato cha tatu wote walikuwa wamejaa madirishani.

Chaji iliisha. Nilimrudishia Adoyo kompyuta yake nikiwa nimejawa na ushindi. Nimefika nyumbani ndipo nikakumbuka kwamba leo ni Jumatano. Ana siku nzima ya kuichaji.

Alhamisi, 8 Mei

Nimejaza dumu. Joto la leo ni la baraka, hamira imeamka. Kufikia mchana mlima ulikuwa unanguruma! Watoto wakaacha mpira kuja kusikiliza.

Adoyo akaja tena na tundu lake. Nilimwambia mlima wa kweli hautobolewi.

Madam Evelina naye akaja kuuliza kama kitu hiki ni salama. Nilimtuliza. Ni uji tu, Madam, hata watoto wachanga wanakunywa. Alipoondoka nikaongeza hamira, nisije nikaaibika.

Ijumaa, 9 Mei

Niandike yote, hata kama mkono bado unanata.

Dakta Justa alifika asubuhi. Nilimkimbilia nikampa shikamoo kubwa, kwa heshima ya elimu yake. Kumbe nimemzidi umri kwa mbali. Alibaki mdomo wazi, hajui aitike marahaba au anirudishie shikamoo yangu. Mwanzo si mzuri.

Akauliza mlima wangu unawakilisha upi. Nikasema Lengai, nikamwonyesha ndoo ya uji mwekundu uliobaki. Akasema kwa upole kwamba lava ya Lengai ni nyeusi na nyepesi kama oili ya gari, na ikipoa hugeuka nyeupe. Nikamjibu kwamba mimi nimeionyesha Lengai siku ikikasirika.

Nikahesabu pamoja na wanafunzi. Tatu, mbili, moja! Nikavuta kamba. Ikakatika. Gunzi halikutikisika. Kimya. Nikatoa hotuba kuhusu subira ya milima. Kimya.

Wakampa nafasi Adoyo. Alisimama kwenye baraza na kompyuta yake, akawaacha watoto wenyewe wabadilishe gesi na uzito, wabashiri, walipue. Walikuwa wanagombania nafasi. Mwisho akasema ana mlima mmoja zaidi. Wangu! Na dumu lake na bomba lake! Kwenye kioo mlima ukavimba, ukapasuka ubavu. Dakta Justa akanyanyuka, akahamia upande wa pili wa uwanja. Adoyo akawaondoa watoto kwa haraka, akamsihi na Madam Evelina asogee. Madam akasema anakuja, kwanza amwambie Maige jambo.

Nilikuwa nimebandika sikio kwenye kiroba kusikiliza maendeleo. Madam aliinama kuninong'oneza. Nadhani alitaka kusema inatosha.

Mlima ukafunguka.

Sijui nieleze vipi. Kwanza sauti, kama tairi la lori linapopasuka. Kisha ulimwengu wote ukawa muhogo. Madam Evelina alikuwa amevaa kitenge kipya. Alisimama wima, mwekundu kuanzia kilemba hadi viatu, akafuta jicho moja tu, akanitazama nalo.

Dakta Justa alikuwa anarekodi kwa simu huku anaruka kama mtoto. Anasema hivyohivyo ndivyo ubavu wa mlima unavyofumuka! Akaniuliza nilihisi nini wakati wa mlipuko. Nilikuwa na uji puani, sikuweza kujibu kitaalamu. Ameomba ruhusa awaonyeshe video hiyo wanafunzi wake wa mwaka wa kwanza. Mimi, chuo kikuu! Somo linahusu hatari ya kupuuza utabiri, lakini hilo ni jina tu. Picha ni yangu.

Safari kampa Adoyo.

Nilibaki nakwangua uwanja. Watoto wakaja na majembe, wakauliza kwa nini ulitokea ubavuni. Nikawaeleza. Gesi, uzito, shingo nyembamba, upande dhaifu. Bila chaki. Walisikiliza mpaka mwisho na hakuna aliyepiga miayo. Nikajikuta napangusa macho. Itakuwa uji.

Jumamosi, 10 Mei

Adoyo kaja nyumbani! Queen akampa chai, wakaongea kama ndugu. Kisha akasema gari la Dakta Justa lina nafasi moja ya ziada, kwa mwalimu wa kusaidia kufunga vipimo kileleni. Amependekeza jina langu. Alimwambia Dakta kwamba hajaona mtu anayeitamani volkano kama mimi. Dakta amekubali.

Moyo uliruka. Karibu nimkumbatie.

Kisha nikatulia, nikafikiri. Mtu amekushinda, kwa nini akubebe? Nikaipata! Vipimo ni vizito, anatafuta mbebaji. Halafu nikiwa mlimani, nani atalinda meza yangu ya jiografia? Nikamjibu kwa heshima zote kwamba nina majukumu.

Akauliza, "Mwalimu Maige, una uhakika?"

Nikasema ninao.

Akaendelea kunitazama, kama anayesubiri nimalize sentensi. Nilikuwa nimeshamaliza. Akaaga. Queen aliondoa vikombe, changu kikiwa bado na chai.

Jumatatu, 19 Mei

Wamerudi. Ile nafasi alipewa Jonathan, mwalimu wa Kiswahili! Mtu ambaye wiki mbili zilizopita alikuwa anadhani kreta ya volkano ni kreti ya soda! Picha zake zimejaa kwenye kundi la walimu: Jonathan ukingoni mwa shimo, Jonathan ameshika kipimo, Jonathan na Adoyo wanacheka, na nyuma yao lava nyeusi inang'aa. Hajabeba mzigo wowote. Vipimo vyenyewe vinaenea kiganjani.

Nimezitazama picha hizo mara nyingi kuliko ninavyopenda kuandika hapa.

Leo Adoyo ameleta kipande cha mwamba mweupe, akakiweka mezani kwangu. Ni wazi anataka kunirusha roho. Nimekitia mfukoni ili wasikione.

Lakini sikukaa kulialia. Nimesikia mwezi ujao anakuja mtafiti mwingine, huyu wa mawimbi makubwa ya maji, na atachagua mwalimu mmoja wa kuzunguka naye Ziwa Victoria kwa boti ya utafiti. Adoyo ameshaanza kubofya kompyuta yake. Mimi nimepata wazo lenye nguvu zaidi. Tangi la maji la shule liko juu ya mwinuko, limejaa, na bomba lake kuu linaelekea moja kwa moja kwenye ofisi ya walimu.

Madam Evelina amepiga marufuku milima. Ziwa hakulitaja.