Nakala ya Kitabu cha Subira

Jumatatu, 3 Machi
Kompyuta imetoa tangazo tena: mfumo wake endeshi umezeeka, hautahudumiwa tena. Nami nimezeeka, ila mimi sijatangaziwa. Shemeji, kaka wa mke wangu, amekwisha kuhamia mfumo mpya, na baada ya kila swala huwaeleza waumini jinsi kompyuta yake ilivyokuwa nyepesi. Moyo wangu haukusalimika na husuda. Nimestaghfiru, kisha nikampigia simu fundi aje Alhamisi.

Ameniusia jambo moja: niwe na nakala ya kila kitu, kwani akianza kazi atafuta yote. Nilimwambia, "Binti yangu, mimi natoa nakala tangu nikiwa chuoni, na mwandiko wangu ulisifiwa."

Kilichomo kwenye kompyuta ni kimoja tu: Kitabu cha Subira. Kazi yangu ya miaka kumi na mmoja, milango kumi na miwili. Hakipo penginepo.

Jumanne, 4 Machi
Nimeanza. Udhu, karatasi, kalamu, wino mweusi. Kurasa tisa hadi adhuhuri. Tatizo: siwezi kunakili sentensi yangu bila kuitengeneza. Mke wangu aliuliza kwa nini nimewasha kompyuta kisha naandika kwa mkono. Nilimjibu kuwa ni matayarisho ya kiufundi. Akasema, "Haya, bwana," kwa ile sauti yake.

Jumatano, 5 Machi
Mkono umevimba. Milango mitatu tu. Nilimwomba mke wangu anakili wa nne, "Fadhila za Kunyamaza", kurasa kumi na nane. Alimaliza kabla chai haijapoa. Ukurasa mmoja. Alisema mengine yote yalikuwa yale yale. Wa tano nimenakili mwenyewe, kwa hasira.

Niliazimia kuahirisha siku ya fundi. Ndipo shemeji akapita, akauliza kama kweli nahama au ni maneno ya barazani tu. Fundi atakuja kesho.

Alhamisi, 6 Machi
Fundi alifika saa tatu. Shemeji naye, bila kualikwa. Fundi akauliza kama nakala ipo. Shemeji akanitazama. Nikasema ipo. Nayo ilikuwepo, mezani, milango mitano. Saba iliyobaki nilidhani nitainakili kutoka kwenye kioo cha kompyuta huku fundi akiendelea. Kioo kikazimika.

Alipomaliza alinyoosha mkono, akaomba nakala airudishe ndani. Nikampa bahasha. Akaifungua, akapekua, akaketi.

"Mzee wangu, hizi ni karatasi."

Nikamwambia ndiyo, na wino wake haufutiki. Akauliza iliyobaki iko wapi. Hapo nikafahamu. Mke wangu alinishika bega. Nakiri kwamba nililia.

Shemeji alikohoa. Kisha akasema, polepole, kwamba wepesi wa kompyuta yake una sababu. Barua zote za marehemu baba yao, alizozichapa moja moja, zilifutika siku ile ile aliyohama. Nakala alikuwa nayo, ila aliiweka humo humo ndani. "Haina kitu, shemeji. Itaachaje kuwa nyepesi?"

Tukakaa kama wafiwa wawili. Fundi alituaga kwa adabu, akaondoka.

Jumamosi, 8 Machi
Shemeji amekuja na mto wake wa kukalia. Aliwahi kunisikiliza nikisoma kitabu hiki barazani, na kumbe anakumbuka mengi, hasa yale aliyoyapinga. Ananikumbusha, nabisha, nachapa. Mlango wa sita, "Kuepuka Pupa", umerudi kurasa nne, nazo ni bora kuliko za mwanzo. Sijazihifadhi. Fundi alisisitiza nihifadhi kila baada ya ukurasa, lakini haifai kuhifadhi kitu ambacho hakijakamilika.

Kabla ya adhuhuri likatokea tangazo: mfumo una maboresho mapya, nayo yataizima kompyuta na kuiwasha upya. Nichague: Sasa au Baadaye.

Shemeji alisema kwamba yeye angesubiri.

Nikabonyeza Sasa.