Mikono Yote ya Kushoto

Jumatatu, 3 Machi
Nimerudi kazini! Jora la kitambaa liliniangukia utosini, nikalazwa sijui mbele wala nyuma. Daktari akasema ubongo umetikisika. Wangu mimi? Jora ndilo lililotikisika! Eti nifanye kazi nusu siku, na nikiona kizunguzungu niseme. Nani aseme? Msimamizi ameshaapa nikikosea wiki hii, meza ya kukatia anapewa Kipara. Kipara, mshona vifungo! Meza hii nakatia sare tangu yeye ananyonya.
Mpango: kizunguzungu kikija, naegemea meza napiga mluzi.

Jumanne, 4 Machi
Nimepiga mluzi asubuhi nzima. Hawakushtuka. Mchana nyumbani, kitini, usingizi wa pono.

Jumatano, 5 Machi
Makubwa! Mezani rundo la mikono ya mashati, imekatwa tayari. Yote ya kushoto. Wa kulia hata wa dawa hakuna. Msimamizi kanitolea macho. Nikamwambia kuna hasidi hapa.
Kipara akanivuta pembeni. Eti babu, si ulirudi jana alasiri? Eti alinipa shikamoo sikuitikia, nakata tu, kope hazipepesi. Mwongo mkubwa! Mimi niache shikamoo ipite bure?

Alhamisi, 6 Machi
Mtego. Alhamisi karakana hufungwa mchana. Wote walipotoka nikasaga chaki ya fundi, nikamwaga sakafuni kuzunguka meza mpaka mlangoni. Nikafunga. Ufunguo ni mmoja, uko mfukoni mwangu. Mbio za sakafuni huishia ukingoni!
Nyumbani nikavua viatu mlangoni, nikaketi.
Binti yangu kaniamsha jioni. Akauliza mbona nimelala na viatu, tena vyeupe pepepe. Nikamwambia mambo ya watu wazima hayamhusu. Ana wajukuu wangu wanne, lakini kwangu ni mtoto.
Kidole gumba kina lengelenge. Sijui la nini.

Ijumaa, 7 Machi
Nyayo! Zimeingia mlangoni, zimekwenda moja kwa moja mezani. Kisigino cha kushoto kimelika upande, kama changu. Hapo mezani amesimama sana, chaki imekanyagwa mpaka imeng'aa. Na mikono mingine, rundo. Ya kushoto.
Cherehani zikanyamaza zote. Watu wananitazama miguu.
Nikawaeleza. Mwizi huyu ananivizia nikilala. Anachukua ufunguo, anavaa viatu vyangu, akimaliza ananivisha tena polepole, nisisikie. Fundi huyo! Na mkato wake, haki ya Mungu, safi. Kidogo anifikie.
Kipara, machozi yanamlenga, akanisihi twende kwa daktari, meza haitaki. Mnafiki!

Jumamosi, 8 Machi
Msimamizi kanipokonya ufunguo, kampa Kipara meza. Kipara akaugusa mkasi, akauachia. Eti mpini una joto, kama umetoka kushikwa sasa hivi. Nikaubeba. Mkasi nilinunua mimi. Meza bila mkasi ni ubao tu, watanibembeleza nirudi!
Binti yangu anataka aufungie kabatini kwake. Thubutu! Yule bwana atafika huko upesi. Nimeuficha chini ya mto wangu, mahali ninapopajua mimi peke yangu. Sasa nalala. Tuone ataupatia wapi.