Siku ya Jina Langu na Damu ya Vichwa Kumi

Jumatatu, 6 Mei
Kazi ya kudumu, hatimaye! Daktari Hajnalka, mkuu wa maabara yetu, katutangazia mimi na mwenzangu Szilárd. Watu kumi wa kujitolea. Wengine watameza dawa ya kutanua mishipa ya ubongo, wengine unga mtupu. Sisi tutaweka kipimo cha sauti karibu na sikio, tusikilize damu, tuandike ya nani imeongezeka. Atakayepatia ataajiriwa. Mwenzake akatafute riziki kwingine.

Mwaka wa sita huu niko kwa mkataba wa muda. Naitaka kazi hii mpaka naiota. Damu ikipita kichwani mwa mtu, sauti yake inalewesha.

Jumatano, 8 Mei
Sijasikia tofauti yoyote. Labda nilisinzia, dirisha lilikuwa wazi na mto Tisza ulikuwa unapita polepole. Szilárd kajaza kurasa tatu. Mtu wa kuudhi.

Lakini nimesoma karatasi ya dawa: anayeimeza huona maji ya gesi yameharibika ladha. Akili ni mali! Kwetu kila jina lina siku yake kwenye kalenda. Keshokutwa ni siku ya jina langu, na hakuna anayekataa kugonganisha glasi na mwenye siku yake. Divai wale kumi wamekatazwa. Basi watakunywa maji ya gesi.

Ijumaa, 10 Mei
Maji nimeteka kisimani mtaani kwa bibi, gesi nimetia mwenyewe. Wanane wamekunja sura! Mzee Vendel, mfuga nyuki, kaniuliza: “Kijana, haya umeyateka kisimani au kaburini?” Nilitamani kumbusu. Nikaandika: wanane, damu imeongezeka.

Kusikiliza kulikuwa kwa kuonekana tu. Nikafumba macho, damu ya mzee ikanibembeleza, nikaona mlango wenye jina langu na chai ya ndimu mezani. Mzee akanigusa bega. Nilikuwa nakoroma.

Jumatatu, 13 Mei
Daktari kafungua bahasha. Wote kumi walimeza unga! Wiki nzima alikuwa anatupima sisi. Szilárd aliandika: hakuna mabadiliko.

Ikabidi nieleze. Kumbe kisima cha bibi kinanuka yai bovu. Maji yake nimeyanywa tangu utotoni, nitajuaje? Wale wawili wasiokunja sura ni watu wa mtaa uleule. Daktari kasema kilichomuuma ni kwamba nilishika kipimo bila kusikiliza. Hilo limenichoma. Nimelia chooni, kimyakimya.

Jumanne, 14 Mei
Szilárd kaajiriwa. Daktari kanionea huruma: masikio yangu hayataki, lakini kichwa bado kinafaa. Nitakuwa mtu wa kujitolea wa kumi na moja, na safari hii dawa ya kweli imo. Szilárd ndiye atakayenipima.

Vizuri sana. Ukibana pumzi, mishipa ya ubongo hutanuka yenyewe, umeze dawa usimeze. Szilárd ataandika upuuzi, atafukuzwa, nitachukua nafasi yake. Jioni hii nimejizoeza kitandani. Nilipohesabu sabini dari likaanza kuelea, taratibu, raha tupu. Nimezinduka sakafuni. Kesho nitajaribu mia.