Bastola ya Mlango wa Mashariki

Jumatatu, 7 Aprili

Nafasi ni moja tu. Amesema Wanda Jessup, naibu sherifu mstaafu na mkuu wa kikosi cha ulinzi cha kanisa letu, leo saa tatu na dakika kumi asubuhi, mbele ya posta. Kulinda mlango wa mashariki wa kanisa, kuanzia Pasaka. Wagombea wawili: mimi, na Lamar Suggs muuza matairi. Sharti: Jumapili hii kila mmoja abebe bastola ibada nzima na pasiwe na mtu wa kuitambua. Atakayetambuliwa ameshindwa.

Miaka mitatu naelekeza magari nje. Mvua yangu, jua langu. Wenzangu wako ndani na kahawa. Mlango ule nautaka.

Kibali ninacho. Tatizo ni bastola. Hii niliyo nayo aliiacha marehemu baba, nzito kama nyundo ya fundi chuma. Nimeifunga kiunoni, nikatembea sebuleni. Suruali ilishuka. Mimi nilibaki. Charlene, mke wangu, alipita na kikapu cha nguo akasema kama nataka kuoga, bafu liko upande ule.

Lamar ana tumbo na mashati mapana. Ndama angefichika humo. Lakini mimi ni mwandishi wa habari mwaka wa thelathini na moja huu. Nachunguza, nalinganisha, naamua. Kufikia Alhamisi nitakuwa nimemaliza.

Jumanne, 8 Aprili

Dukani kwa Dewey, na banda lake la shabaha nyuma. Nimejaribu tatu.

Ya kwanza: ndogo kama pochi. Inaingia mfukoni, inasahaulika. Ila ukifyatua inarusha mkono hadi sikioni. Risasi sita. Tano zimepotea. Moja imepiga karatasi ya shabaha ya jirani yangu, mwalimu mstaafu wa hesabu. Akasema, “Ahsante, baba, lakini yangu nilikuwa naimaliza mwenyewe.”

Ya pili: rivolva, ile ya silinda inayozunguka, ya risasi tano. Kifyatulio kigumu kama kifuniko cha chupa ya achari. Nilipoificha, Dewey alinizunguka mara mbili akasema inaonekana nimeiba kiazi.

Ya tatu: ya wastani, milimita tisa. Inakaa mkononi vizuri. Sita kwa sita, zote kifuani mwa mtu wa karatasi. Lakini ni nene. Dewey anasema kosa ni la suruali, si la bastola. Mtu hununua bastola anayoimudu, kisha suruali iliyozidi inchi mbili, kisha mkanda mgumu. Wengi, anasema, huanzia kwenye uzuri, halafu ile bastola hulala kwenye droo maisha yake yote.

Ina maana. Sikuamua. Nimesema nitafikiri.

Jumatano, 9 Aprili

Chakula cha jioni kanisani. Kuku na tambi, maharage ya kijani, mkate wa mahindi. Kama kila Jumatano, zikazungushwa kadi za maombi. Watu wengi huandika tu “ombi la siri”, na Mungu anaelewa.

Mimi napenda habari kamili. Nimeandika: “Mniombee hekima nichague kati ya rivolva na ile ya milimita tisa, na nijue kuificha kiunoni, upande wa kulia, kabla ya Jumapili. Jina libanwe.” Nikatia sahihi. Mazoea.

Wazo zuri sana. Lamar atakuwa na shati, mimi nitakuwa na maombi.

Alhamisi, 10 Aprili

Msiba! Katibu wa kanisa alituma orodha ya maombi kwenye simu za waumini saa kumi na mbili asubuhi. Waumini mia mbili na kumi na wawili. Jina langu alilibana, kama nilivyoomba. Akaandika: “Ndugu mmoja wa gazetini.” Gazeti letu lina ndugu mmoja.

Kinyozi anashauri rivolva. Mkewe anashauri nibebe mgongoni. Daktari wa meno, mikono yote miwili ikiwa kinywani mwangu, amenisimulia kuhusu ala za ngozi za kutia bastola dakika ishirini.

Lamar alinipigia honi mbele ya mahakama. “Mwandishi! Ukiificha hiyo, tuma taarifa kwa vyombo vya habari!” Akacheka hadi gari likazimika.

Mkakati mpya. Kila anayeniuliza namwambia tofauti. Huyu kushoto, yule kifundoni, yule kwapani. Kufikia jioni hakuna atakayejua lolote. Nina matumaini makubwa.

Ijumaa, 11 Aprili

Kumetokea ubishi mkahawani. Kulia au kwapani. Wamenifuata ofisini niamue.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimenunua ile ya milimita tisa. Ala ya kuvaa ndani ya suruali, mkanda mgumu, suruali ya inchi mbili zaidi. Nimeikagua mara mbili, tupu, nikaivaa kwa muda wa saa nne nzima. Nimefagia, nimeinama, nimekaa, nimepanda ngazi. Haikutikisika! Kwenye kioo, hakuna kitu. Mzee mmoja tu, mtanashati.

Nikasimama jikoni, nikamwambia Charlene anitafute kasoro. Alikuwa anamenya viazi. Bila kuinua macho akasema, “Kulia, nyuma kidogo. Na acha kuipapasa, Burl, hailii.”

Kweli, nilikuwa naipapasa. Kesho mikono mfukoni.

Jumapili, 13 Aprili

Saa tatu na dakika arobaini, mlangoni. Mikono mfukoni. Watu hamsini wamepita, hakuna aliyegutuka. Moyo ulianza kuimba.

Nilimsahau Bi Oleta. Ana miaka themanini na minne na humkumbatia kila anayeingia, kwa nguvu, kiunoni, maana ndipo anapofika. Alinikumbatia. Akapapasa. Akasema kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri, “Kumbe ulichukua milimita tisa! Mimi nilikuombea rivolva, mwanangu.”

Safu nane ziligeuka.

Lamar alidumu hadi sadaka. Aliinama kuokota noti, shati likapanda. Mtoto wa safu ya nyuma akatangaza alichokiona.

Baada ya ibada Wanda alituita. Mlango wa mashariki amepewa Charlene. Charlene wangu! Amebeba bastola tangu mwaka ule wa mafuriko, anasema Wanda, na Bi Oleta amemkumbatia kila Jumapili bila kushtuka. Nikasema haiwezekani, naishi naye. Wanda akajibu kwamba ndiyo sababu ya kumchagua.

Garini nilimuuliza Charlene mbona hakuniambia. Akasema, “Hukuniuliza mimi. Uliuliza mji mzima.” Akanishika goti. Akasema nimependeza na suruali mpya.

Jumatatu, 14 Aprili

Homer Teague, mlinzi wa mlango wa jikoni, atapasuliwa goti tarehe 6 Mei. Nimethibitisha kwa mkewe. Nafasi hiyo!

Nimeona kosa langu. Lilikuwa ni kiuno. Safari hii kifundo cha mguu, ambako Bi Oleta hafiki, na siri kabisa, siri ya kaburi. Kikao cha kwanza cha kuchagua ala ni kesho, Jumanne, saa sita mchana, mkahawani. Nimehifadhi meza ya watu tisa.