Davison Amekufa Mara Tisa

Nchelenge, tarehe 14 Agosti 1956

Kwa Bwana Direkteri wa Sinema, Elisabethville

Bwana Direkteri muheshimiwa,

Unisamehe kukawia majuma matatu bila kuandika. Mujane hakubaliwi kushika kazi, na kumuandikia Muzungu ni kazi. Ujane huo ndio neno lenyewe ninaloleta kwako.

Mimi ni Rosaria, bibi ya Davison, yule muvuvi murefu muliyemuchukua wakati muchezaji wenu aliposhikwa na homa. Mulisema ziwa letu linafanana na bahari ya Spania, na kwamba ni muchezo wa zamani wa Waspania: baba anakufa kwa upanga kwa ajili ya heshima ya binti yake, basi. Nilikubali afe. Sikuambiwa atakufa mara tisa.

1. Mara ya kwanza upepo uliangusha nyumba yenu ya karatasi. Ya pili kiboko alicheka. Ya tatu marehemu alipiga chafya, hilo ni kosa letu. Zile nyingine mashini yenu ya picha ilijaa wadudu wa ziwa, hadi ikakataa kabisa. Lakini kila mara rangi nyekundu ilimwagika kwenye shati lake la Jumapili, na shati ninafua mimi.

2. Wavuvi waliopita walimuona akichomwa. Wakapeleka habari kisiwani Kilwa, kwa mama mukwe wangu, Mama Eness. Akavuka na mashua sita za ndugu, wote wanalia. Wakamukuta mwana wao ndani ya sanduku la maiti la muchezo wenu. Mama akamuangukia kifuani, akamuita kwa jina la utoto. Davison hakufungua jicho! Eti kontra yake, ile karatasi ya kazi aliyotia kidole, inakataza kufungua macho kabla wewe hujasema "inatosha". Na wewe, Bwana, badala ya kusema, ulipiga makofi.

3. Alipoinuka, watu walikimbia hadi majini. Waliporudi, wazee wakaamua: machozi yamekwisha kumwagika, kilio kilichoanza kimalizwe. Kwetu kilio hakikunjwi kama mukeka. Basi mimi nimekaa ndani kama mujane, na marehemu amekaa nje anakula bukari na samaki wa kilio chake mwenyewe. Akiomba samaki wa pili wanamuambia, "Wewe marehemu, nyamaza! Ungeshiba ulipokuwa muzima."

4. Hili ndilo linaloniumiza. Desturi yetu, ndugu ya marehemu humuvalisha mujane shanga nyeupe, na tangu hapo ni bibi yake. Rodwell, mudogo wa Davison, amekwisha kuchukua wavu wake. Shanga amekwisha kununua. Kilio kinaisha Jumapili ya juma lijalo. Nilimuambia, "Shemeji, bwana wangu si huyu hapa, anakohoa?" Akajibu, "Ndiyo, shemeji, ninamuona. Mungu amurehemu."

Bwana, Davison ni muvivu wa kukata kuni, lakini akimubeba mutoto wetu Chabu, mutoto hunyamaza. Rodwell, hata mbuzi wake humukimbia. Sitavaa shanga zake kwa ajili ya heshima ya binti wa Spania nisiyemujua.

Basi kwa lori la samaki unitumie:
barua ya bilo yako, ile ofisi ya sinema, yenye muhuri, ya kuwaambia wazee kwamba Davison yu hai;
picha yake akiwa amesimama;
miche miwili ya sabuni;
shati la Jumapili, la mikono mirefu;
na ruhusa iliyoandikwa ya kufungua macho.

Umusalimie bibi yako, na muchezaji wa homa, na wote waliobeba ile nyumba ya karatasi.

Ni mimi, mujane wa mutu muzima,
Rosaria Nsama, mama ya Chabu

Nimesahau: barua ya muhuri isifike kabla ya Jumamosi jioni, ile ya kuamkia siku ya shanga. Tangu kilio kianze mama mukwe anamubeba Chabu, mawifi wanachota maji na kupika, na mimi, Bwana, ninalala. Hata kukawia kuandika, kweli yake ni usingizi. Na kama muchezo unataka kifo cha kumi, Davison yuko tayari mwezi wa Oktoba, Chabu atakapoota meno. Ila safari hiyo barua ya kusema yu hai ije pamoja na upanga. Nitaiweka chini ya mukeka, niitoe nikiamka.