Anatole Aharakisha Kadi

Mwaka 2013 ilitangazwa katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kwamba walemavu wasiojiweza wangepata kadi ya kutibiwa bure hospitalini Mbarara. Tangazo lilifika upesi. Kadi zenyewe zikasuasua. Anatole, mwanamume aliyekuwa na uadui wa kudumu na jembe, akanusa riziki. Palipo na foleni, aliamini, Mungu ameweka pia muuza njia za mkato.

Akafunga tai, akabisha kwa Mama Pélagie, mjane kutoka Fizi, Kongo, aliyepooza miguu kwa risasi. Kulala sana kulikuwa kumemtoboa kidonda kiunoni, na daktari wa kambi alikuwa amesema wazi: kisipopasuliwa Mbarara, kitamwua.

"Mama, bakubwa ba kule ni barafiki yangu. Nipatie jogoo moja, kadi utaipata juma hii hii."

Mama Pélagie aliitazama ile tai kwa huruma.

"Jogoo ni kitu gani, Papa? Wewe hujasikia? Garde-malade, ule mwenye anasaini kuchunga mugonjwa, banamupatia pikipiki mupya. Sina ndugu hapa. Ningetafuta tu muntu mwenye anajua Kingereza."

Moyo wa Anatole uliruka. Pikipiki! Tayari alijiona akipita mitaa ya Nyamityobora, kofia upande, wanawake wakiuliza huyo ni nani.

"Kingereza? Miye njo mwenyewe!"

Jogoo akasahauliwa. Kesho yake Anatole alikodi gari kwa akiba yake, akamfikisha mama Mbarara, akambeba mgongoni hadi ofisi ya kadi, jasho likimlowesha tai. Karani akamsogezea kurasa nne za Kiingereza. Kusema hajui kusoma ingekuwa aibu, basi akakunja uso kisomi, akatikisa kichwa mara mbili, akasaini zote na kidole gumba akaweka.

"Webale ssebo, asante bwana!" karani alifurahi. "Hii faili imelala miezi mbili, inakosa mtu ya kusaini tu. Kadi hii hapa. Na jina yako nimetoa kwa karatasi yako ya chakula, nimeweka kwa karatasi ya chakula ya huyu mama. Ukimwacha, posho yako pia hakuna."

"Na pikipiki?"

"Pikipiki gani?"

Anatole akamgeukia Mama Pélagie.

"Nilidanganya," alisema mama, bila kupepesa. "Nitatubu kanisani Siku ya Yenga. Nilitaka kupona."

Hasira ilimpanda Anatole, lakini mtu aliyemdai mgonjwa jogoo atamshtaki nani?

Siku iliyofuata Mama Pélagie alipasuliwa. Muuguzi akamfundisha Anatole kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili, kumwosha na kumlisha uji. Mara ya kwanza alimgeuza kwa pupa, kama mtu anayetaka kumaliza kazi akimbie.

"Polepole, Papa," alisema mama, machozi ya furaha yakimtiririka. "Haraka imeisha."